Maonyesho ya sanaa ya jamii na warsha zake: anza na mikono ya watu, ukuta utafuata

Kuna kitu nimekiona sana mpaka kimenichosha. Kituo cha sanaa kinatangaza maonyesho ya jamii, kazi zinakusanywa kwa kukimbizana, zinapigiliwa usiku kucha, jioni ya ufunguzi watu wanajaa na kupiga selfi, kesho yake ukumbi mtupu, anayezunguka mle ndani ni mlinzi tu na simu yake. Halafu miezi 2 baadaye kituo hicho hicho kinaweka warsha ya kuchora, wanakuja watu wengine kabisa, wanachora, wanaondoka na karatasi zao zimekunjwa kwenye mifuko na hakuna anayeziona tena. Vitu viwili vilivyotakiwa kuwa kimoja vimetenganishwa, ndo maana vyote viwili vinapooza.

Mimi siku hizi naanza na warsha. Watu wanakuja, wanashika patasi na wino na udongo, na kinachotoka mikononi mwao ndo kinaenda ukutani pamoja na kazi za wasanii wazoefu. Mtu aliyesugua wino mpaka mkono ukamuuma hawezi kukosa kuja kuona kazi yake imetundikwa, na haji peke yake, anakuja na shangazi, na jirani, na yule rafiki ambaye hajawahi kukanyaga galari maishani. Mwongozo huu ni wa anayesimamia kituo kidogo, au kikundi kilichopewa ukumbi kikabaki kinatazamana. Vingine nitavipita mbio kwa sababu havina shida, vingine nitakaa navyo maana ndo vinavyotuumiza kila mwaka.

Hatua ya 1: Hesabu siku kwa kurudi nyuma

Usianze na "tufungue lini", anza na "kitu gani kinachukua muda mrefu zaidi kukauka". Najua inachekesha ila kalenda ya maonyesho inatawaliwa na kukauka. Akriliki, ile rangi ya kuchanganya na maji, haina neno, saa chache imekauka. Rangi ya mafuta inachukua siku kadhaa mpaka wiki kadhaa, na aliyepaka nene inaweza kwenda miezi, kwa sababu mafuta ya kitani hayakauki kwa maji kuondoka, yanakauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani na kugeuka gamba taratibu. Mwaka mmoja nilipokea mchoro mkubwa umefungwa vizuri kwenye plastiki ya viputo, nikaufungua asubuhi ya kutundika, viputo vyote vimeacha alama za duara kwenye anga la bluu kama ngozi ya mtu aliyelalia mkeka. Rangi ilikuwa mbichi. Msanii alilia, na mimi sikuwa na la kumwambia kwa sababu fomu yangu haikuwa imeuliza kama kazi imekauka.

Udongo nao una mambo yake. Kazi ya udongo inataka wiki 1 mpaka 2 kukauka polepole ikiwa imefunikwa kwa plastiki kidogo, halafu tanuru ya kwanza karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, halafu ipoe, na kama kuna kupaka glezi, ule utando wa kung'aa kama kioo, basi tanuru ya pili na kupoa tena. Kwa hiyo warsha ya udongo iwe si chini ya wiki 5 kabla ya ufunguzi, na mimi naweka 6 kwa sababu tanuru huwa na tabia ya kuharibika wiki ile ile unayoihitaji.

Ratiba yangu ya kawaida ni wiki 10. Wiki ya kwanza mwaliko unatoka, wiki ya 3 mpaka ya 6 ni warsha (udongo mwanzoni, chapa na picha za jua mwishoni), wiki ya 8 mwisho wa kuleta taarifa za kazi ili lebo zichapwe, wiki ya 9 kupokea kazi zenyewe, kisha siku 3 kamili za kutundika. Siku 3, sio usiku mmoja. Wanaokuambia watatundika kazi 60 kwa usiku mmoja waulize mara ya mwisho walishika drili lini.

Hatua ya 2: Amua nani anaingia, na uandike

Swali linaloleta ugomvi kuliko yote ni hili la kuchuja. Kuna njia mbili na zote zina historia. Royal Academy ya London inafanya maonyesho yake ya kila mwaka tangu 1769, mtu yeyote anaruhusiwa kuleta kazi ila jopo ndo linachagua zipi zitundikwe. Upande mwingine kuna wale wasanii kama 30 wa Paris, akina Monet, Degas na Morisot, mwaka 1874 waliamua kuachana na jopo la maonyesho rasmi, wakachukua iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar wakafanya maonyesho yao wenyewe bila mchujo. Magazeti yaliwacheka sana.

Kwa maonyesho ya jamii mimi sichuji ubora, nachuja saizi. Kila aliyekuja warsha ana nafasi ya kazi 1, msanii wa nje kazi 2, na upande mrefu usizidi sentimita 100 pamoja na fremu. Ukiweka sheria ya saizi hujamkosea mtu heshima, ukiweka sheria ya "nzuri" ambayo haijaandikwa popote utaulizwa mpaka sokoni. Kama unataka jopo, sawa, lakini watu wajue mapema kuna jopo, lina watu wangapi na linaangalia nini.

Fomu yenyewe iwe ukurasa mmoja. Jina, mawasiliano, jina la kazi, mwaka, imetengenezwa kwa malighafi gani, vipimo (urefu wa kwenda juu kwanza halafu upana, huo ndo utaratibu wa galari karibu zote, andika kabisa kwenye fomu la sivyo nusu watageuza), inauzwa au haiuzwi, bei, asilimia inayobaki kituoni, imekauka au bado, ina waya nyuma au haina. Chini yake mistari mitatu ambayo watu wanaisahau: nani anabeba hasara kazi ikiharibika ikiwa kituoni, je kituo kinaruhusiwa kutumia picha ya kazi kwenye bango na mitandaoni, na kazi isipochukuliwa ndani ya siku 30 baada ya kufunga itafanywa nini. Huo wa picha ni muhimu kwa sababu haki ya kunakili kwa kawaida inabaki kwa msanii hata kama kazi yenyewe imeshanunuliwa, kwa hiyo omba ruhusa, usijichukulie. Kwa watoto, mzazi ndo anasaini, na kuwe na kisanduku cha peke yake cha kukubali au kukataa mtoto kupigwa picha.

Hatua ya 3: Warsha

Hapa ndo nitakaa.

Kwanza ifanye wewe mwenyewe kabla, kwa vifaa vile vile, kwenye meza ile ile, na saa mkononi. Usiseme "naijua hii". Karatasi ikibadilika kila kitu kinabadilika. Ukitumia wewe dakika 40, mtu anayeshika kifaa kwa mara ya kwanza atatumia mara mbili yake, panga hivyo.

Pili idadi. Warsha yenye vifaa vya kukata, mwezeshaji 1 kwa watu 8, nikizidisha sana 10. Warsha za bure zina ugonjwa wake, watu wanajiandikisha kwa wingi halafu hawatokei, kwangu iliwahi kuandikishwa 20 wakaja 9, na mara nyingine nikatangaza bila kuandikisha kabisa wakaja 25 kwenye meza ya watu 10. Sasa naandikisha 12 kwa nafasi 10, natuma meseji siku 2 kabla na tena asubuhi yake, na natunza orodha ya wanaosubiri. Inasaidia.

Tatu chagua mbinu inayompa mtu kitu cha kutundika siku ile ile. Kuna mbili nazipenda kupita zote.

Chapa ya lino. Lino yenyewe ni kitu cha zamani cha kutandika sakafuni, Mwingereza Frederick Walton aliisajili miaka ya 1860, ni mafuta ya kitani yaliyogandishwa yakachanganywa na unga wa koki juu ya kitambaa cha magunia, wasanii wakaja kugundua inachongeka kirahisi na haina nyuzi za kukusumbua kama mbao. Ikiwa ngumu ipashe moto kidogo, iweke juani au hata uikalie dakika chache (nisemavyo ni kweli, warsha nzima inakaa juu ya lino na kucheka, ndo barafu linayeyuka hapo). Chora kwenye karatasi laini ya kunakilia, igeuze, ndo uhamishie kwenye lino, manake chapa inatoka kinyume kama kioo. Kila warsha lazima awepo mmoja anayechonga jina lake bila kugeuza. Muache aone kwenye chapa ya kwanza, hatasahau tena, ila wa pili muokoe.

Kuchonga: mkono usioshika patasi uwe NYUMA ya patasi siku zote, sio mbele, na kipande cha lino kizuiwe na ubao wenye ukingo unaoshika pembe ya meza ili kisikimbie. Sisemi mara moja, nasema kila dakika 10, na bado plasta ziko karibu. Patasi butu ni hatari kuliko kali kwa sababu mtu anasukuma kwa nguvu halafu inateleza ghafla. Geuza lino, usigeuze mkono, ukichonga mstari wa duara mkono unabaki pale pale na lino ndo inazunguka.

Kwenye wino watu wote wanakosea namna moja, wanaweka mwingi. Kijiko kidogo kwenye kioo kinatosha, sukuma rola huku na huku mpaka wino uwe tambarare, na hapo sikiliza, wino ukiwa sawa unatoa kasauti kembamba kama seloteipu inayobanduliwa polepole. Ukiuangalia kwa ubavu na ukaona vinundu kama ganda la chungwa basi umezidi, mistari myembamba itazibwa yote. Paka lino mara 3 au 4 kwa matabaka mepesi, laza karatasi bila kuisogeza, sugua mgongo wa karatasi kwa mgongo wa kijiko, kuanzia katikati kwenda kingoni, inua kona moja uchungulie huku umeshikilia upande wa pili, kama kuna weupe rudisha usugue hapo. Na waambie mapema kwamba chapa ya kwanza karibu kila mara inatoka imepauka kwa sababu lino kavu inakunywa wino, usipowaambia kuna mtu atakata tamaa na kutupa kazi nzuri. Ya 3 ndo huwa tamu.

Kila mtu achape 4. Moja anaondoka nayo, moja inabaki kwa ajili ya ukuta, moja anabadilishana na jirani yake wa meza, moja ya akiba. Ziandikwe kwa penseli chini ya picha: kushoto namba kama 1/4 (yaani ya kwanza kati ya 4), katikati jina la kazi, kulia saini. Dakika hiyo ya kusaini ni ya kutazama, mtu mzima wa miaka 60 anashika penseli kama anasaini hati ya shamba.

Nyingine ni picha za jua, ile bluu nzito inayoitwa sayanotaipu. John Herschel aliigundua 1842 na mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuitumia kutoa picha za mwani, kwa hiyo ni mbinu ya zaidi ya miaka 180 na bado inashangaza watu kila siku. Kuna dawa mbili, amonia feri sitreti na potasiamu ferisianidi, kila moja inayeyushwa kwenye maji peke yake, unachanganya sawa kwa sawa muda mfupi kabla ya kupaka kwenye karatasi, ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, karatasi inakauka gizani. Mshiriki analaza majani, lesi, funguo, chochote, anafunika kwa kioo, anatoa nje juani dakika 5 mpaka 20 kutegemea jua lenyewe, halafu anaosha kwa maji mpaka ule unjano wa kijani uishe. Bluu inakolea yenyewe ikikauka. Kuchanganya na kupaka nafanya mimi, nimevaa glavu, watoto wanaanzia kwenye karatasi iliyokauka tayari. Dawa ile ya pili isikutane na asidi kali wala moto, na kazi ikishatoka isioshwe kwa sabuni kwa sababu sabuni inaifuta bluu. Mvua ikinyesha siku hiyo basi tena, uwe na mpango wa pili, mimi huwa nahamia kwenye kolaji, picha za kubandika vipande vya karatasi, bila kujieleza sana.

Udongo sitaurefusha ila mambo mawili. Wape unene wa juu kabisa kama sentimita 1, na sanamu nene ichimbwe ndani iwe na uwazi, na tundu dogo la kupumulia. Watu wanasema kinachopasua kazi tanuruni ni hewa, mhalifu mkubwa ni maji yaliyobaki ndani, yakifika nyuzi 100 yanakuwa mvuke unaotaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji, na ukuta wa udongo hauna pa kuupeleka. Ikipasuka inaharibu na za jirani zake. La pili, usifagie vumbi la udongo likiwa kavu hata siku moja, futa kwa sponji yenye maji, vumbi lile lina silika na mapafu hayasahau.

Na kama kuna rangi za mafuta, matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike kwenye pipa la taka. Yanapasha joto yenyewe yakiwa yamebanana na yanaweza kuwaka usiku bila mtu kuwasha kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke au yatie kwenye debe la chuma lenye maji na mfuniko.

Hatua ya 4: Kupokea kazi

Weka meza moja, watu 2, na simu yenye kamera nzuri. Kila kazi inapofika inapigwa picha mbele, nyuma na kona zote 4 mbele ya mwenyewe, mikwaruzo inaandikwa kwenye fomu, anasaini. Inaonekana kama urasimu mpaka siku ile mtu anarudi kuchukua kazi na kusema hii nyufa haikuwepo. Kila kazi inapata namba kwa stika ndogo nyuma ya fremu, sio nyuma ya kanvasi wala karatasi, gundi inachafua.

Kazi isiyo na waya au vipete nyuma irudishwe pale pale ikafungwe, au uwe na fundi mezani. Uzi wa nailoni usiukubali, unanyooka polepole chini ya uzito na siku ya 4 unasikia kishindo.

Hatua ya 5: Kutundika

Watu wanatundika kwa macho, wanapiga msumari, wanarudi nyuma, "juu kidogo", wanapiga mwingine, mwisho ukuta una matundu kama chekecheke. Fanya hesabu. Katikati ya kila kazi iwe sentimita 145 mpaka 152 kutoka sakafuni, huo ndo urefu wa macho galari nyingi zinaoutumia, chagua namba moja na usiibadilishe ukumbi mzima. Mimi natumia 150.

Mfano. Kazi ina kimo cha sentimita 80. Nusu yake ni 40. Jumlisha 150, juu ya fremu itakuwa 190. Sasa shika waya kwa kidole katikati, uvute kwenda juu kama unavyovutwa na msumari, pima kutoka kidole mpaka juu ya fremu, tuseme 8. Toa 8 kwenye 190, msumari unaenda 182. Basi. Kila kazi ukiiandikia hiyo namba moja kwenye kipande cha masking tepu, mtu mwenye drili hahitaji kufikiri, anafuata namba.

Kwa upande wa mlalo nayo ni hesabu. Ukuta wa mita 6, kazi 5 zenye upana wa 60, 80, 50, 90 na 60, jumla 340. Imebaki 260. Kazi 5 zina nafasi 6 ukihesabu za pembeni, 260 gawanya kwa 6 ni kama 43. Chapa ndogo za warsha sizipi 43, nazikusanya kwa kundi, safu 3 kwenda juu, zikiwa zimeachana sentimita 5 tu, na kundi zima nalichukulia kama kazi 1 kubwa, katikati yake ndo inakaa 150. Hapo ndo utaona maajabu, chapa 30 za watu ambao hawajawahi kushika patasi, zikikaa pamoja zinaubeba ukumbi kuliko mchoro mkubwa wa msanii mwenye jina. Usiziweke korido ya chooni. Ziweke ukuta wa kwanza mtu anaouona akiingia.

Ila kabla ya kupiga chochote laza kazi zote sakafuni chini ya ukuta wake, tembea, badilisha, ondoka kanywe maji, rudi. Siku nzima ya kwanza kati ya zile 3 naitumia kwenye hilo tu na sigusi drili. Msitundike kwa kufuata majina au nani mkubwa nani mdogo, angalieni kazi zinazozungumza, rangi moja inayorudi, mkono unaoelekeza jicho kwenye kazi ya pili. Kila mtu atakuwa na maoni. Mmoja tu awe na neno la mwisho na ajulikane toka mwanzo.

Mengine ya haraka. Kazi nzito misumari 2, haiegemei upande na ni salama zaidi. Vipete nyuma ya fremu vikae robo mpaka theluthi kutoka juu. Pima maji iwe mfukoni muda wote. Ukuta wa tofali unataka drili na plagi ya plastiki, msumari wa kawaida utapinda tu. Sanamu juu ya kibao cha kusimamia, kibao kitiwe mfuko wa mchanga ndani kisiangushwe na begi la mgongoni. Njia kati ya vibao angalau sentimita 90 kiti cha magurudumu kipite, na kama unaonyesha kazi za watoto wadogo shusha katikati mpaka 120 hivi ili wenye kazi wazione wenyewe, wazazi watainama, hawatavunjika.

Hatua ya 6: Taa na lebo

Taa zielekezwe kutoka juu kwa pembe ya kama nyuzi 30, zikiwa wima sana fremu inatupa kivuli, zikilala sana kioo kinamulika na mgeni anajiona mwenyewe badala ya picha. Rangi za maji, picha na chapa kwenye karatasi zisipate zaidi ya lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga) kama zitakaa muda mrefu, mafuta na akriliki zinavumilia mpaka 200. Simu inaweza kukupimia kwa makadirio. Zaidi ya yote jua la dirishani lisipige kazi, funga pazia.

Lebo: jina la msanii, jina la kazi, mwaka, malighafi, vipimo, bei au "haiuzwi". Herufi zisiwe chini ya pointi 16, mimi naweka 18. Zikae zote upande mmoja wa kazi, kimo kimoja, kama sentimita 120 hivi, hata aliyekaa anasoma. Mpe kila mmoja asome lebo yake kwenye grupu la WhatsApp kabla hujachapa, kosa la jina la mtu linauma kuliko kuchelewa siku nzima. Kwa chapa za warsha tumia mfumo ule ule kabisa, usiandike "kazi za washiriki" halafu ukanyamaza majina. Waandike wote 30.

Hatua ya 7: Ufunguzi, na siku zinazofuata

Hotuba dakika 10 jumla, sio kila mmoja 10. Stika nyekundu kwa iliyouzwa, daftari la wageni, mtu 1 mlangoni, mtu 1 anayejua bei na mwenye kitabu cha risiti. Mabegi ya mgongoni yaachwe mlangoni, hili lisimamie bila aibu.

Lakini kinachofanya watu warudi wiki ya pili ni meza ya kujaribu. Ndani ya ukumbi ule ule, mbali kidogo na kuta, meza yenye lino 3 zilizochongwa tayari, wino wa maji, rola na vijiko. Mgeni anachapa moja, inaning'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo mpaka ikauke, anaifuata kesho. Kesho! Anarudi! Na jumamosi zilizobaki weka walioshiriki warsha wawe wenyeji, kila mmoja zamu ya saa 2, wanawaelekeza wageni na kuwashikisha rola. Niliwahi kumkuta binti wa kama miaka 14 anamfokea kwa upole mzee mmoja, "babu, wino umezidi, angalia ganda la chungwa hilo." Mzee akapunguza.

Hatua ya 8: Kushusha

Hii kila mtu anaikimbia. Tangaza siku na saa za kuchukua kazi tangu kwenye fomu, panga angalau watu 4, shusha kwa mpangilio wa namba, linganisha na zile picha za kupokelea, mwenyewe asaini fomu ile ile kwamba amepokea. Zilizouzwa zinatoka baada ya malipo kukamilika, sio kwa "ntatuma jioni". Wasanii walipwe ndani ya muda ulioandikwa hata kama wewe hujalala, msanii akicheleweshewa pesa mwaka huu mwakani hatakuletea kazi nzuri, atakuletea ile iliyokaa chini ya kitanda.

Kisha kuta. Chomoa plagi, ziba kwa puti, acha ikauke, piga msasa, paka. Hapo ndo utagundua nyeupe ya ukuta si nyeupe ya dukani, kuna nyeupe kumi na ngapi sijui, na ukuta mzima una madoa madoa. Kwa hiyo ukipaka ukumbi mara ya kwanza bakiza debe moja la rangi ile ile, andika kwa maka juu ya mfuniko namba ya rangi, tarehe na ukuta gani, na ulifiche mahali ambapo watu wa warsha hawatalipata wakidhani ni akriliki.